Fahamu: Helldivers 2, mchezo ambao risasi ya mwenzako nayo inaua

Helldivers 2, mchezo wa studio ya Arrowhead ya Uswidi, ulitoka Februari 2024. Wachezaji hadi 4 hushuka pamoja kwenye sayari kupambana na wadudu wakubwa na maroboti.

Utamu wake uko kwenye hatari: risasi haichagui adui. Ukiita bomu kutoka angani bila kumwonya mwenzako, mmekwisha wote, na kicheko hakikosekani. Anayecheza peke yake hukosa nusu ya raha hiyo.

Doa kubwa lilitoka nje ya uwanja. Mei 2024 Sony, kampuni iliyochapisha mchezo huu, ilitaka wachezaji wa kompyuta waunganishe akaunti ya PlayStation, huduma ambayo haikuwapo rasmi Kenya na Tanzania. Malalamiko yalifurika kwenye Steam, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta. Siku chache baadaye Sony ikarudi nyuma.