Fahamu: Riwaya iliyotaja bomu la atomiki miaka 31 kabla ya Hiroshima

Kila teknolojia mpya inapozua gumzo, kama ilivyo sasa kwa akili mnemba, watu hurudi kwenye hadithi za kisayansi za zamani kutafuta nani aliiona mapema. Utabiri mwingi wa aina hiyo hauna uzito. Huu wa H.G. Wells unao.

Mwaka 1914 mwandishi huyo Mwingereza alichapisha The World Set Free, riwaya yenye vita vya mabomu ya atomiki. Hakupatia yote: mabomu yake hudondoshwa kwa mkono kutoka kwenye ndege na huendelea kulipuka siku nyingi. Msingi wake ulikuwa maandishi ya mkemia Frederick Soddy kuhusu nishati iliyomo ndani ya radiamu.

Kinachonigusa zaidi ni msomaji wake mmoja. Leo Szilard, mwanafizikia mzaliwa wa Hungaria, aliisoma mwaka 1932. Mwaka uliofuata, akiwa London, wazo likamjia: nyutroni moja ikigonga atomu na kutoa mbili, nazo zikagonga nyingine, nishati itakayotoka ni kubwa mno. Aliomba hataza mwaka 1934, kisha akaikabidhi kwa jeshi la majini la Uingereza ibaki siri. Baadaye alieleza sababu: alijua hatari yake kwa kuwa alikuwa amemsoma Wells.

Julai 1945 Szilard alikusanya saini za wanasayansi kumsihi Rais Truman wa Marekani, nchi iliyokuwa imeunda bomu la atomiki, ajizuie kuipiga Japani kwa bomu hilo. Waraka haukumfikia rais. Hiroshima ilipigwa Agosti 6, Wells akiwa bado hai.