Deni la Baridi Kando ya Mto Potomac

Msomaji wetu mmoja aishiye Silver Spring, katika jimbo la Maryland, ametuletea suali nililolipenda mno: yawaje micheri ya Washington ivumilie baridi kali ya Januari pasi na kudhurika, kisha siku chache za jalidi, katikati ya Machi 2017, ziue takriban nusu ya maua ya aina ya Yoshino? Tarikhi ya miti hiyo, iliyoletwa hidaya na mji wa Tokyo mwaka 1912, ni mashuhuri, nami siirejei. Nakwenda moja kwa moja kwenye tumba la ua.

Ndani ya tumba mna jeni ziitwazo DAM, ambazo katika mfyulisi, nduguye mcheri, ni sita zilizopangana sanjari, na kazi yake ni kulizuia tumba lisikue. Zichukulie kuwa ni mdai aketiye mlangoni na daftari lake, anayelipwa kwa baridi tu: kila saa ya ubaridi wa kadiri, ulio chini ya nyuzi 7 za Selsiasi lakini usiofikia kugandisha maji, ni sarafu moja mkononi mwake, na joto la ghafla la Disemba, hata lipendeze vipi, halimwondoi. Malipo yazidipo, daftari halichanwi wala halifutwi, bali hufungwa. Kwani zile protini ambazo uzi wa DNA umezungushiwa hutiwa alama za kikemia, na uzi ukabanwa hapo penye jeni za DAM, ukurasa baada ya ukurasa, hata zisisomeke tena, naye mdai akaondoka kwa kukosa hati ya kudaia. Nastaajabu kila nikumbukapo kwamba hesabu hii hutimizwa pasi na ubongo, kila tumba likiwa na daftari lake. Na uko mfyulisi mmoja wa asili ya Mexico uliopotewa na sehemu ya jeni hizo: haulali kamwe, hukua tu mpaka jalidi iuue ncha zake.

Jeni nyingine, CBF, ndizo zinazoamrisha kinga. Katika mmea mdogo wa Arabidopsis, jamaa ya haradali, huanza kusomwa dakika 15 tu baada ya baridi kuingia, nazo huziamsha jeni za protini zihifadhizo seli. Isitoshe, tumba lililolala limetengana na mishipa ya maji ya tawi, hivyo barafu ya tawini hailipenyi.

Sasa, Februari 2017 ilikuwa ya joto lisilo la kawaida, na deni lilikuwa limekwisha lipwa. Matumba yakavimba, mishipa ikaungana, maji yakaingia, na barafu ikapata njia ambayo CBF haiwezi kuiziba. Kwa micheri ya matunda, ambayo vipimo vyake nadhani vyatufaa hapa, tumba linaloanza kuvimba huhitaji nyuzi 15 hivi chini ya sifuri ili matumba tisa katika kumi yafe. Ua lililokunjuka hutosha kuuawa na nyuzi 4 chini ya sifuri.

Yaliyokuwa yangali yamefumba yalisalimika, na Machi 25 Idara ya Hifadhi za Taifa ikatangaza kilele cha uchanuaji. Micheri ya Kwanzan, ambayo aghalabu huchanua majuma mawili hivi baada ya Yoshino, ilikuwa bado haijafumbua.