Nywila ni sahihi, mbona programu inagoma? Kagua hizo alama

Kwa kijana anayefanya kazi za kompyuta Nkoroi, kazi huja kwa mtindo mmoja. Duka la dawa linataka programu ya mauzo, shule ndogo inataka mfumo wa karo, chama kinataka rekodi za michango. Mnakubaliana bei, unakodi seva ya bei nafuu mtandaoni, unaanza kusakinisha. Ghafla mashine inakwambia nywila si sahihi. Unaiandika tena polepole, herufi kwa herufi. Jibu ni lile lile. Saa tatu zinapita, bando linaisha, na mteja anapiga simu akiuliza umefika wapi.

Mara nyingi hujakosea, na programu haijaharibika. Shida ni ile alama uliyoiweka ili nywila iwe ngumu: $, #, @, % au !. Kwako ni alama tu. Kwa kompyuta, kila moja ina kazi yake.

Pale $ inapomeza nambari

Tuseme unapanda matatu za 125 kila siku na umeamua nywila yako iwe Magadi$125. Kwenye Linux, ukiiandika katika amri bila kuifunga, au ukiifunga kwa alama za nukuu pacha, yaani "Magadi$125", Bash inaona $1 na kudhani unataja thamani iliyohifadhiwa mahali fulani. Ikikosa thamani hiyo, inaweka utupu. Kinachobaki ni Magadi25.

Noma ni kwamba huonywi. Usakinishaji unaisha bila neno, programu inahifadhi Magadi25, kisha wewe unajaribu kuingia na Magadi$125. Unafungiwa nje ya mfumo uliouweka mwenyewe.

Dawa ni rahisi: ifunge kwa nukuu moja moja, 'Magadi$125'. Hapo Bash huiacha ilivyo. Hii pia inatuliza alama ya !, ambayo Bash huichukua kama ombi la kurudia amri ya zamani.

Seva isiyokuwepo

Programu nyingi za wavuti huunganishwa na hifadhidata kwa mstari mmoja kama huu: postgres://jina:nywila@seva:5432/duka. Nukta mbili hutenga jina na nywila, @ hutenga nywila na seva, nayo / huanzisha jina la hifadhidata.

Sasa weka nywila Rongai#125 hapo katikati. Katika kanuni za anwani za intaneti, # hukatisha sehemu ya seva. Kompyuta inabaki na jina:Rongai. Inachukua "jina" kuwa ndiyo seva, na "Rongai" kuwa namba ya poti. Kwa hiyo unaletewa malalamiko kuhusu poti, kitu ambacho hata hukukigusa. Unaweza kuhangaika na mipangilio ya seva hadi usiku wa manane bila kuona mwizi yuko wapi.

Ndani ya anwani kama hiyo, alama huandikwa kwa asilimia: @ inakuwa %40, # inakuwa %23, / inakuwa %2F, : inakuwa %3A, na % yenyewe inakuwa %25. Rongai#125 itaandikwa Rongai%23125. Nywila yenyewe haibadiliki. Ni uandishi wake tu ndani ya anwani.

Laptopu za ex-UK

Kuna mtego mwingine unaowapata wengi wetu tunaonunua laptopu zilizotumika Uingereza. Kwenye kibodi ya Uingereza, Shift na 2 hutoa ". Kwenye mpangilio wa Marekani, vitufe hivyo hutoa @. Shift na 3 hutoa £ kwa Mwingereza na # kwa Mmarekani.

Ukisakinisha mfumo kwa mpangilio mmoja kisha ukaingia kwa mwingine, vidole vyako vitagusa vitufe sahihi lakini mashine itapokea alama nyingine. Nawe huoni, kwa sababu skrini inaonyesha vitone tu. Kabla ya kuandika nywila, jaribu alama zako kwenye sehemu ambayo maandishi yanaonekana, mfano pale pa jina la mtumiaji.

Alama ni za lazima kweli?

Desturi ya kudai alama, nambari na herufi kubwa ilienezwa sana na mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST. Bill Burr, aliyeuandika, aliliambia gazeti la Wall Street Journal mwaka 2017 kwamba anajutia sehemu kubwa ya ushauri huo. Mwaka huo huo NIST iliacha kupendekeza masharti ya alama na kuweka mkazo kwenye urefu.

Hesabu inaonyesha kwa nini. Nywila ya herufi ndogo 16 zilizochaguliwa na mashine bila mpangilio ina michanganyiko zaidi ya mara milioni 7 ya ile ya vibambo 8 vinavyotumia kila alama kwenye kibodi. Kwenye seva, amri ya openssl rand -hex 16 inakupa vibambo 32 vya nambari na herufi a hadi f pekee. Hakuna cha kuichanganya Bash wala anwani.

Usichofaa kufanya ni kuchoka na kuweka admin123 "ya muda". Ya muda huwa ya kudumu. Mfumo wa karo una majina ya watoto na simu za wazazi, na chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, faini inaweza kufika Sh5 milioni au asilimia moja ya mapato ya mwaka uliotangulia, kutegemea kiasi kilicho kidogo. Vilevile, ukiomba msaada kwenye kundi la WhatsApp, futa nywila kwenye picha ya skrini kwanza.

Kwa hiyo kabla hujafuta kila kitu na kuanza upya, weka nywila ndefu isiyo na alama hata moja, ujaribu tena. Ikikubali, mwizi umemjua. Iache hivyo hivyo, ihifadhi mahali salama, umpigie mteja.