Mtoto Mwenye Jasho la Chumvi

Haya wajukuu, sogezeni mikeka, na wewe wa nyuma acha kumchokoza mwenzio. Leo hadithi yangu haina sungura wala fisi. Ina mtoto, ina chumvi, na ina mashine kubwa yenye tundu katikati.

Jasho la kila mtu lina chumvi, hilo mnalijua; mkicheza mpira mchana wa Oktoba pale Chamwino mnaionja midomoni. Lakini wapo watoto ambao jasho lao limezidi chumvi, hadi mama akimbusu mwanawe shavuni anashtuka. Mwaka 1938 daktari wa New York, Dorothy Andersen, aliueleza ugonjwa wao kwa mapana. Miaka 10 baadaye joto kali liliupiga mji ule, na watoto wenye ugonjwa huo wakawa ndio wanaozidiwa zaidi, miili imeishiwa maji na chumvi. Hapo ndipo madaktari walipoanza kulitilia shaka jasho.

Ugonjwa wenyewe unaitwa sistiki faibrosisi. Ni wa kurithi: mtoto huupata akipokea jeni yenye hitilafu kwa baba na nyingine kwa mama, huku wazazi wenyewe ni wazima. Kwa hiyo mkisikia mtu anamlaumu mama wa mtoto huyo, msinyamaze.

Hitilafu hiyo inavuruga njia ya chumvi na maji kwenye seli. Kifuani, ute unaosafisha mirija ya hewa unakuwa mzito na kunata, vijidudu vinapata maficho. Mtoto anakohoa, anatibiwa, anapata nafuu, anakohoa tena, na kila mzunguko unaacha kuta za mirija zimechoka na kupanuka zaidi.

Kwetu ni ugonjwa wa nadra. Mtoto akikohoa wiki 2 hapa Dodoma, mganga wa zahanati atawaza kwanza kifua kikuu, na yuko sahihi. Ila nadra si kusema haupo. Waafrika nao huupata, na mara nyingi hitilafu ya jeni yao si ile iliyozoeleka Ulaya, hivyo kipimo kilichotengenezwa kwa kuwatazama Wazungu chaweza kumpita mtoto wetu bila kumtambua. Tena kifua kikuu nacho, hata kikishapona, huweza kuacha mirija ya hewa imepanuka vilevile. Kwa hiyo mashine ninayotaka kuwasimulia, ile ya kuitazama mirija hiyo, inawahusu watoto wengi kuliko wale wa jasho la chumvi.

Ipo katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, na watu huiita siti skani. Eksirei ya kawaida hupiga kifua kwa upande mmoja, mbavu na moyo na mapafu vikalaliana kwenye picha moja. Siti skani huzungusha mionzi pande zote za mwili, kompyuta inapiga hesabu, kisha kifua kinaonekana slesi kwa slesi kama mkate.

Na hesabu hizo, wajukuu, zilianzia bara letu! Mwaka 1956 mwalimu wa fizikia mjini Cape Town, Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, aliombwa akasimamie mionzi katika hospitali ya Groote Schuur. Alipoona wanavyotibu akajiuliza: mwili una mifupa, hewa na nyama, je, nitajuaje kila sehemu inazuia mionzi kiasi gani? Akakokotoa, akachapisha mwaka 1963 na 1964, watu wakapita kimya. Huko Uingereza, Godfrey Hounsfield aliunda mashine yake bila kujua habari za Cormack, na mgonjwa wa kwanza akapimwa London mwaka 1971. Mwaka 1979 wawili hao waligawana Tuzo ya Nobel ya tiba, na hakuna kati yao aliyekuwa daktari wa wagonjwa.

Sasa ingieni chumbani. Kuna baridi ya kiyoyozi. Unalala chali kwenye kitanda chembamba, mikono juu ya kichwa, kitanda kinateleza kuingia kwenye tundu. Mtaalamu wa mionzi yuko nyuma ya kioo, sauti yake inatoka kwenye spika: vuta pumzi, izuie… haya, pumua. Sekunde chache tu, imekwisha. Ukitikisika picha inaharibika, ndiyo maana mtoto mwerevu hufanya mazoezi ya kuzuia pumzi nyumbani.

Shida iko kwenye mionzi. Nayo msiiogope kama jini: hata granaiti ya vilima vya Dodoma inatoa mionzi kidogo, na kwa wastani binadamu hupokea milisiveti 2.4 (hicho ndicho kizio cha kupimia mionzi mwilini) kwa mwaka kutoka ardhini, angani na kwenye chakula. Picha ya eksirei ya kifua ni karibu 0.1. Siti skani ya kawaida ya kifua cha mtu mzima ni karibu 7. Mara moja si neno. Lakini mgonjwa wa miaka 6 atakayepigwa picha tena na tena hadi uzeeni? Mwili wa mtoto bado unakua, na mionzi inaudhuru kwa urahisi zaidi.

Ndipo wataalamu wakapunguza mionzi hadi 1.5 na hata chini ya hapo. Kwa kifua inawezekana, maana mapafu yamejaa hewa na mionzi hupenya bila taabu. Ute mzito ukiwemo, unajitokeza mweupe kwenye weusi wa hewa. Picha inakuwa na chengachenga, sawa, lakini swali la daktari linajibika. Ini, lisilo na hewa, lisingekubali ubahili huo.

Daktari anatafuta nini? Kila mrija wa hewa hutembea na mshipa wake wa damu, ubavu kwa ubavu, na upana wao hukaribiana. Mrija ukiwa mpana kuliko mshipa, umeshaumia. Jambo hilo huonekana hata kwa mtoto anayepuliza vizuri kwenye kipimo cha pumzi na kucheza rede na wenzake, nalo linamfanya daktari aongeze dawa au mazoezi ya kutoa makohozi mapema.

Basi mkimsindikiza ndugu yenu kupimwa, mkumbusheni abebe ile CD ya picha ya zamani, isiachwe kabatini. Daktari ataiweka kando ya picha mpya na kupima mrija uleule.