Daktari wa meno aliyekimbiwa kwa kikohozi

John Henry Holliday alizaliwa Georgia, Marekani, mwaka 1851. Alipokuwa na miaka 15, mama yake alifariki kwa kifua kikuu. Mwaka 1872 alihitimu udaktari wa meno huko Philadelphia, na haukupita muda naye akagundulika ana maradhi hayo hayo.

Dawa haikuwepo. Wagonjwa walishauriwa kufuata hewa kavu, hivyo mwaka 1873 akahamia Dallas, Texas, akafungua chumba cha kutibu meno. Lakini nani atamfumbulia kinywa daktari anayemkoholea usoni? Wateja wakamkimbia, akaishia kwenye kamari na pombe. Alifariki Colorado mwaka 1887, akiwa na miaka 36.

Robert Koch alitangaza kijidudu cha maradhi haya mwaka 1882, lakini dawa ya kukiua ilipatikana miaka ya 1940. Leo kifua kikuu kinapona, kwa kawaida kwa dozi ya miezi 6.

Basi anayekohoa wiki 2 au zaidi apelekwe kupimwa makohozi. Afunike mdomo anapokohoa, na madirisha yafunguliwe. Tusimfiche mgonjwa kwa kuona haya. Akifichwa, huwaambukiza watoto wa nyumba hiyo hiyo.