Saa Mbili ni Muda au ni Wakati? Lugha ya Mipangilio ya Kudhibiti Michezo ya Kompyuta kwa Watoto

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna mipangilio ya udhibiti wa wazazi inavyoweka kikomo cha muda ambao mtoto anautumia katika michezo ya kompyuta, na yanabainisha kwamba katika kaya za wasemaji wa Kiswahili mipangilio hiyo hukwama kwenye lugha kabla ya kukwama kwenye mtambo. Hoja kuu ni kuwa neno "saa" hubeba kwa pamoja maana ya muda na maana ya wakati, na kwamba mzazi anayehesabu saa kuanzia macheo huingiza tarakimu ambazo kompyuta huzihesabu kuanzia saa sita usiku. Makala yanachunguza pia istilahi zinazotumika katika mipangilio hiyo na nafasi ya mtoto kama mkalimani wa mzazi, kisha yanatoa mapendekezo kwa watunga sera na vyombo vya lugha vya ukanda huu.

Utangulizi

Hofu ya wazazi kuhusu watoto wasiobanduka mbele ya kioo cha kompyuta imekwishaingia katika nyaraka za kimataifa. Toleo la 11 la Ainisho la Kimataifa la Magonjwa, lililopitishwa mwaka 2019 chini ya Shirika la Afya Duniani na kuanza kutumika Januari 2022, linautambua uchezaji wa kupindukia wa michezo ya kidijitali kuwa tatizo la afya. Inafaa kukumbushwa kwamba ainisho hilo halitaji idadi ya saa. Linatazama iwapo mchezaji amepoteza uwezo wa kujizuia, iwapo mchezo umepewa kipaumbele kuliko shughuli nyingine za maisha, na iwapo anaendelea nao ingawa unamdhuru. Sera, hata hivyo, hupenda kuhesabu. Korea Kusini ilipitisha sheria mwaka 2011 ya kuwazuia watoto wa chini ya miaka 16 kucheza michezo ya mtandaoni kati ya saa sita usiku na saa kumi na mbili asubuhi, kisha ikaamua kuifuta miaka kumi baadaye. China, Septemba 2021, iliwaruhusu walio chini ya miaka 18 kucheza mtandaoni saa moja tu, kuanzia saa mbili hadi saa tatu usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu za kitaifa.

Katika Afrika Mashariki mzigo huu umebaki nyumbani kwa kiasi kikubwa. Mzazi anaambiwa kwamba kompyuta, simu na mitambo ya michezo ina mipangilio ya kumdhibiti mtoto, na kwamba ni wajibu wake kuiweka. Ushauri huo ni sahihi. Kinachosahaulika ni kwamba mipangilio ni matini. Ina vitenzi vya kuamuru, nomino za kuchagua na tarakimu za kujaza, na anayeisoma vibaya ataiweka vibaya.

Namna udhibiti unavyofanya kazi

Msingi wa udhibiti wote ni akaunti. Katika kompyuta zenye mfumo wa Windows, mzazi hufungua kikundi cha familia katika huduma ya Microsoft, humwingiza mtoto kwa akaunti yake mwenyewe, kisha huweka masharti yanayoifuata akaunti hiyo. Google Family Link hufanya vivyo hivyo kwa simu na vishikwambi vya Android, na Apple iliingiza mpango wa namna hiyo katika simu zake mwaka 2018. Kompyuta haimtambui mtoto kwa sura wala kwa umri. Inaitambua akaunti aliyoingilia. Kwa hiyo katika nyumba ambamo kompyuta ni moja na akaunti ni moja, ya baba, hakuna sharti litakalofanya kazi hata likiandikwa kwa ufasaha namna gani. Hapa neno lenyewe linapotosha. Kwa wazazi wengi "akaunti" ni ya benki au ya pesa za simu, na kumfungulia mtoto wa miaka tisa akaunti husikika kama jambo la hatari, ilhali katika muktadha huu ndilo jambo la kwanza la usalama.

Baada ya akaunti, masharti ya muda huja kwa sura mbili ambazo ni lazima zitenganishwe. Sura ya kwanza ni kikomo cha siku, yaani jumla ya dakika ambazo mtoto anaruhusiwa, azitumie wakati wowote apendao. Sura ya pili ni ratiba, yaani kipindi cha siku ambacho kompyuta iko wazi au imefungwa. Mtoto anaweza kupewa dakika 120 ndani ya kipindi cha kuanzia alasiri hadi jioni; zikiisha kabla ya jioni anatoka, na jioni ikifika kabla hazijaisha anatoka vilevile. Kikomo huweza pia kuwekwa kwa mchezo mmoja mmoja, ili mchezo wa mpira ufungwe na kamusi ibaki wazi. Muda ukiisha, mtoto anaweza kutuma ombi la kuongezewa, na mzazi hulipokea ombi hilo katika simu yake na kulikubali au kulikataa. Katika Windows kuna tahadhari nyingine ndogo lakini yenye uzito: mtoto apewe akaunti ya kawaida, isiwe ya msimamizi, kwa sababu mwenye akaunti ya msimamizi anaweza kubadilisha saa ya kompyuta.

Tatizo la neno "saa"

Kikomo na ratiba, vitu viwili tofauti kabisa katika programu, hukutana katika neno moja la Kiswahili. "Saa mbili" ni muda wa dakika 120. "Saa mbili" ni pia wakati, wa asubuhi au wa usiku. Katika mazungumzo utata huu haumsumbui mtu, kwani kitenzi na vihusishi huutatua: "amecheza kwa saa mbili" si sawa na "amecheza hadi saa mbili". Kwenye kioo cha kompyuta kitenzi hakipo. Kuna kisanduku, neno "saa" pembeni yake, na nafasi ya tarakimu. Mzazi anayekutana na kisanduku hicho hana njia ya kujua iwapo anaulizwa kiasi au anaulizwa ukomo, isipokuwa awe amekwishaielewa programu yenyewe, na basi hahitaji maelezo.

Utata wa pili ni mzito zaidi. Saa ya Kiswahili huanza kuhesabiwa jua linapochomoza na huanza upya jua linapozama. Saa ya kompyuta huanza saa sita usiku. Tofauti ya saa sita inafahamika, nayo hufundishwa katika somo la kwanza la Kiswahili kwa wageni. Kwa mwenyeji haifundishwi, kwa sababu huifanya kichwani bila kujitambua kila atazamapo mshale wa ukutani: mshale uko kwenye tisa, yeye anasema saa tatu. Tatizo huzuka anapotakiwa kufanya kinyume chake, yaani kuanza na kauli yake mwenyewe na kuigeuza kuwa tarakimu.

Chukua mzazi aliyeamua kwamba kompyuta ifungwe kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Ni uamuzi wa busara kwa mtoto wa shule. Anafungua ratiba, anaandika 3:00 na 12:00. Programu inamtaka achague kati ya alama za AM na PM. Kwa kuwa saa tatu yake ni ya usiku, anachagua PM; kwa kuwa saa kumi na mbili yake ni ya asubuhi, anachagua AM. Kila hatua ni ya kimantiki. Matokeo yake ni kompyuta inayofungwa saa tisa alasiri na kufunguka saa sita usiku. Mtoto anarudi shuleni saa kumi na kukuta mlango umefungwa hata kwa kazi ya shule, na familia nzima ikiwa imelala mlango unafunguka wenyewe. Mzazi aliyetaka kulinda usingizi wa mwanawe amempa kipindi cha kucheza usiku kucha. Akigundua, hatasema kwamba amekosea kubadilisha saa. Atasema programu ni mbovu, na ataizima.

Mwandishi wa habari aliyeripoti sheria ya China kwa Kiswahili aliandika saa mbili hadi saa tatu usiku, na hakuna msomaji aliyepotea, kwa kuwa ubadilishaji ulikwishafanywa na binadamu kabla ya habari kuchapwa. Kwenye mipangilio, kazi hiyo ameachiwa mtumiaji wa mwisho bila hata kuambiwa kwamba ipo.

Mpaka wa siku nao una utata wake. Kwa kompyuta siku hubadilika saa sita usiku. Kwa hesabu ya jadi ya pwani, siku huanza magharibi, hivyo "usiku wa Ijumaa" ni ule wa kuamkia Ijumaa, ambao kalenda ya kompyuta huuita Alhamisi. Mzazi wa Mombasa au Unguja anayetaka kulegeza masharti usiku wa kuamkia siku isiyo ya shule anahitaji kujua ni kisanduku cha siku gani kitakachobeba usiku huo. Wanaosema "Ijumaa usiku" wakiwa bara hawana shida hii. Hivyo hata ndani ya lugha moja, maelezo mamoja hayatoshi.

Jambo hili halikomei kwa wasemaji wa Kiswahili kama lugha ya kwanza. Luganda nayo huhesabu saa kuanzia macheo, na Kinyarwanda kimechukua hesabu hiyo pamoja na neno lenyewe. Mzazi wa Kampala au Kigali anayesoma kioo chenye Kiingereza hubeba saa zilezile kichwani. Kwa sababu hiyo suala hili ni la kikanda, na ni mojawapo ya yale machache ambayo ufumbuzi uliobuniwa kwa Kiswahili unaweza kuwafaa majirani bila kubadilishwa sana.

Istilahi na mamlaka ya mzazi

Jina la mipangilio yenyewe linastahili kutazamwa. "Udhibiti wa wazazi" linaweza kusomwa kwa njia mbili, kwani kihusishi cha -a hakionyeshi nani anatenda na nani anatendwa. Udhibiti wa mafuriko ni kuyadhibiti mafuriko; udhibiti wa wazazi, kwa mlinganisho huohuo, ungekuwa kuwadhibiti wazazi. Mtu aliyezoea istilahi hatakwama, lakini mipangilio hii haikukusudiwa kwa aliyeizoea. "Mipaka ya mtoto" au "ulinzi wa mtoto" yangeeleweka mara moja. Neno "mzazi" nalo ni finyu mno. Watoto wengi wa ukanda huu hulelewa na bibi, shangazi au kaka mkubwa, na "mlezi" huwajumuisha wote. Kuhusu neno la siri la kuingilia, wengine husema nywila na wengine nenosiri. Tofauti hiyo haina madhara mradi programu moja isiyachanganye yote mawili, kama inavyotokea mara kwa mara.

Kasoro hizi zina gharama ambayo haionekani katika orodha za istilahi. Pale ambapo kioo kinazungumza Kiingereza, au Kifaransa kama ilivyo kwa wengi Bujumbura na Bukavu, na mzazi hakisomi kwa wepesi, anayeitwa kusoma ni mtoto. Yule anayewekewa mipaka ndiye anayemfasiria mzazi mipaka hiyo. Si lazima awe mdanganyifu. Inatosha achague tafsiri inayompendeza pale matini inapokuwa na utata, na mara nyingi huwa nao. Nywila ya msimamizi huishia kwake kwa sababu ndiye aliyeiandika. Kanuni zote za ulinzi wa mtoto mtandaoni zinategemea dhana kwamba mzazi anaelewa anachokubali. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, kwa mfano, inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia data ya mtoto. Ridhaa iliyosomwa na mtoto kwa niaba ya mama yake haiwezi kuitwa ridhaa ya mama.

Ikumbukwe pia kwamba mipangilio ya nyumbani haifiki kwenye vibanda vya gemu, ambako mtoto hulipia mchezo kwa sarafu na mwenye kibanda hana sababu ya kumkatisha. Huko panahitajika sheria ndogo za halmashauri, na lugha yake ni mada nyingine.

Mapendekezo

Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kwa kushirikiana na BAKITA na BAKIZA, inafaa kuandaa mwongozo mfupi wa uandishi wa saa katika programu, kabla ya kuandaa orodha nyingine ndefu ya istilahi. Muda uandikwe kwa dakika, au kwa kauli kamili kama "jumla ya saa 2 kwa siku", na kamwe isiwe "saa 2" peke yake. Wakati uandikwe kwa mfumo wa saa 24 ukifuatwa na usomaji wake: 21:00, saa tatu usiku. Alama za AM na PM ziondolewe katika matoleo ya Kiswahili, kwa sababu ndizo zinazomshawishi mtumiaji kwamba tarakimu yake ya Kiswahili imekubaliwa. Kabla ya kuhifadhi ratiba, programu imrudishie mlezi sentensi kamili ya Kiswahili ya kile alichoagiza, mathalani: "Kompyuta itafungwa saa tisa alasiri na kufunguliwa saa sita usiku." Mlezi aliyekosea atajua papo hapo.

Wizara za elimu nazo zisingoje watengenezaji. Karatasi moja inayotolewa katika kikao cha wazazi, yenye saa za kompyuta upande mmoja na saa za Kiswahili upande wa pili kuanzia alfajiri hadi alfajiri, inaweza kuchapwa muhula huu. Ijaribiwe kwanza na walezi wasiosoma Kiingereza, wakiwa wamekaa wenyewe mbele ya kompyuta, na mtoto akiwa chumba kingine.