Umri wa Gari Si Maisha Yake

Katika yadi za Dar es Salaam, sifa ya kwanza ya gari ni herufi. Muuzaji hutangaza "namba E" kabla ya kutaja injini, na mnunuzi akisikia "namba C" huanza kushusha bei hata boneti haijafunguliwa. Nairobi mambo ni hayo hayo, ila huko ugomvi ni wa KC na KD. Ukitazama vizuri, herufi hiyo inaeleza jambo moja tu: lini gari lilisajiliwa nchini. Toyota Premio iliyoundwa 2008 yaweza kuvaa namba E kwa kuwa imeshuka bandarini juzi, huku ya 2012 iliyotangulia kuja ikibaki na namba D na kuonekana mzee. Mwaka wa kuundwa ni kipimo bora kidogo kuliko herufi, lakini nao unahesabu umri tu. Mtu anayetafuta sedani ya kubebea familia, gari la viti vitano na buti la maana, kwa kawaida huanza kujiuliza kama anunue jipya au lililotumika. Kwa maoni yangu swali hilo ni la pili. La kwanza ni kama maisha ya gari lenyewe yanajulikana, na jibu lake ndilo linalopaswa kuongoza fedha yako.

Tuanze na kilomita, kwa sababu ndizo zinazodhaniwa kusema yote ambayo mwaka haukusema. Chukua sedani mbili za aina moja. Ya kwanza imetembea kilomita 40,000, karibu zote katika foleni za mjini, kwa mwendo wa wastani wa kilomita 20 kwa saa. Ya pili imetembea kilomita 80,000, nyingi zikiwa za barabara kuu, kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa. Ukigawanya, injini ya kwanza imenguruma saa 2,000, na ya pili saa 1,333 tu. Lile la kilomita chache, ambalo yadi yoyote ingeliuza kwa bei ya juu zaidi, limefanya kazi nusu zaidi ya mwenzake. Tena ni kazi mbaya: breki zimekanyagwa kila baada ya mita chache, gia boksi imechemka kwa kuanza na kusimama, na injini imekaa ikiwaka bila upepo wa mwendo kuipooza. Oili nayo huchoka kwa saa na kwa joto, haisubiri kilomita zitimie. Hivyo namba ya kwenye dashibodi, hata ikiwa ya kweli, haina maana kamili mpaka ujue kilomita hizo zilitembewa wapi na nani alikuwa akimwaga oili kwa wakati.

Bahati ni kwamba magari mengi tunayonunua yanatoka Japani, nchi ambayo gari huacha alama za karatasi kila linapopita. Huko gari jipya la binafsi hukaguliwa na serikali baada ya miaka mitatu ya mwanzo, kisha kila baada ya miaka miwili. Ukaguzi huo, uitwao shaken, unakwenda pamoja na kodi na bima ya lazima, na gharama yake ni sababu mojawapo inayowafanya Wajapani wengi kuuza magari ambayo bado ni mazima. Gari likiuzwa mara nyingi hupelekwa mnadani, ambako mkaguzi asiyemjua mnunuzi wala kumwogopa muuzaji hujaza karatasi ya mnada. Karatasi hiyo ina daraja la jumla: 4 na 4.5 ni gari zuri lililotumika, 3 lina mambo ya kurekebisha, na R ni gari lililowahi kugongwa likatengenezwa sehemu za fremu. Kuna pia mchoro wa bodi wenye herufi ndogo: A ni mchubuko, U ni mbonyeo, W ni mahali palipokwisha kunyooshwa na kupakwa rangi, XX ni kipande kilichobadilishwa. Mnunuzi aliyejifunza kusoma herufi hizo nne anajua kuhusu gari hilo mambo ambayo saa nzima ya kulizunguka yadini haitamwonyesha, maana polishi ya dukani hufanya kazi yake vizuri sana.

Pingamizi la haraka ni kwamba karatasi hughushiwa na kilomita hurudishwa nyuma. Ni kweli, na ndiyo maana karatasi moja haitoshi. Nguvu ya historia iko katika mashahidi wanaokubaliana bila kuonana. Karatasi ya mnada inataja kilomita za siku ya mnada. Hati ya kufuta usajili kwa ajili ya kusafirisha gari nje inataja tarehe ya usajili wa kwanza na namba ya chasisi, na mara nyingi huonyesha kilomita zilizosomwa wakati wa ukaguzi. Shahidi wa tatu ni gari lenyewe. Raba ya pedali ya breki iliyolika upande mmoja, usukani uliong'aa kwa viganja, na kiti cha dereva kilicholegea pembeni havilingani na kilomita 38,000 hata dashibodi iape. Tazama pia mihuri midogo ya vioo: vingine vyote vikiwa na alama za kiwanda na kipindi kimoja, na kimoja tu kikatofautiana, hapo pana jambo la kuuliza. Mtu akitaka kudanganya karatasi moja anaweza. Kuzipatanisha karatasi mbili pamoja na pedali, kiti na vioo ni kazi kubwa, na muuzaji mwongo kwa kawaida huchagua njia rahisi zaidi: kukosa karatasi kabisa. Kwa hiyo gari lisilo na karatasi lihesabiwe kama gari lenye kasoro, na bei yake ishuke kwa kadiri hiyo.

Mfano wa kwa nini historia ina uzito kuliko mwaka ni gia boksi ya CVT, ambayo imo katika Premio na Allion nyingi za kizazi kilichoanza 2007. Ndani yake hakuna gia za meno zinazopokezana mwendo kama katika gia boksi ya kawaida. Kuna mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili, na puli hizo hupanuka na kubana ili kubadili mwendo. Mkanda haupaswi kuteleza, na kinachouzuia usiteleze ni mgandamizo wa puli pamoja na sifa maalumu ya oili yake. Fundi akiweka oili ya kawaida ya gia boksi ya otomatiki kwa sababu ni ya bei nafuu na inafanana kwa rangi, gari halitalalamika siku hiyo. Litaanza kuvuma na kusitasita miezi kadhaa baadaye, mara nyingi likiwa mikononi mwa mtu mwingine. Premio ya 2010 iliyowekewa oili sahihi kwa wakati ni gari la kutegemewa kuliko ya 2015 iliyomwagiwa oili ya aina nyingine, na wala mwaka, wala herufi, wala kilomita havitakuonyesha tofauti hiyo. Kitakachoionyesha ni risiti, au stika ndogo ya huduma iliyobandikwa chini ya boneti au kwenye mlango.

Hata hivyo umri una haki yake, na ningekuwa sisemi kweli nikiunyima. Kuna vitu ndani ya gari vinavyozeeka kwa kalenda, liwe limetembea au limelala. Mipira ya bushi, mabomba ya maji na sili hukakamaa. Tairi huzeeka hata kashata zake zikiwa bado ndefu, na umri wake umeandikwa ubavuni kwa tarakimu nne: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Betri ya gari la haibridi, kama Camry ambayo Japani kuanzia 2011 iliuzwa kwa mfumo huo, hupungua nguvu kwa miaka na kwa joto, hasa tundu lake la hewa karibu na kiti cha nyuma likizibwa na vumbi au mizigo. Jambo zito zaidi ni eabegi za kampuni ya Takata. Zilifungwa katika magari ya viwanda vingi, zikiwemo Toyota, Honda, Nissan na Mazda, na baruti yake ya nitrati ya amonia huharibika ikikaa miaka mingi katika joto na unyevunyevu, mpaka eabegi ikifyatuka inarusha vipande vya chuma kwa dereva. Makumi ya mamilioni ya magari yaliitwa kurudishwa kutengenezwa, na Takata yenyewe ikafilisika 2017. Joto na unyevunyevu ndiyo hali ya hewa ya Tanga, Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar mwaka mzima. Lakini tazama jinsi tatizo hilo linavyotatuliwa: kwa namba ya chasisi, inayolinganishwa na orodha ya kiwanda ili kujua kama gari liliitwa na kama lilibadilishiwa. Umri umeleta hatari, na ni historia inayokuambia kama hatari hiyo imeondolewa.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka serikalini. Mtu atasema: sheria zenyewe zinahesabu umri, basi mimi ni nani nisihesabu? Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi miaka minane tangu usajili wa kwanza. Uganda, tangu 2018, imezuia magari yaliyotimiza miaka 15 tangu kuundwa. Tanzania haikufunga mlango, inatoza. Tuchukue mfano wa sedani yenye injini ya kati ya cc 1,000 na cc 2,000 na thamani ya forodha ya shilingi milioni 20, tukiacha tozo ndogo ndogo. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni milioni 5, ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 juu ya thamani pamoja na ushuru huo ni milioni 1.25, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 juu ya jumla hiyo ni kama milioni 4.7. Jumla ni karibu milioni 11. Gari likizidi miaka minane bila kuvuka kumi huongezewa ushuru wa uchakavu wa asilimia 15, na jumla inapanda hadi milioni 15.4. Likivuka miaka kumi nyongeza ni asilimia 30, na jumla inakaribia milioni 20, sawa na thamani ya gari lenyewe. Ni kweli kwamba gari kuukuu huthaminiwa chini, hivyo hesabu halisi ya kila gari ifanywe kwa kikokotoo cha Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) kabla ya kutuma hata senti. Ila funzo liko wazi: mwaka una bei, na mnunuzi asiyeujua ataulipa bandarini. Kwa hiyo naukubali mwaka kama chekeche. Utumie kuondoa magari ambayo kodi au sheria imekwisha kuyafanya ghali. Yakibaki matano au sita yaliyopita kwenye chekeche hilo, weka mwaka kando uchukue mizani, na mizani ni historia.

Na gari jipya kabisa? Wanaolitetea wana hoja nzuri: lina dhamana, ambayo mara nyingi ni ya miaka mitatu au kilomita 100,000, kipi kitangulie, na hakuna mtu aliyelitesa kabla yako. Hoja hiyo, ukiipima, inaunga mkono ninayosema. Unachonunua kwa bei ile kubwa ni hakika ya historia: ukurasa mweupe ambao wewe ndiye utakayeuandika. Dhamana nayo hudumu kwa sharti la huduma zilizoandikwa, yaani kiwanda chenyewe hakiamini gari lisilo na kumbukumbu. Tatizo ni kwamba ushuru wa asilimia 25 na kodi ya asilimia 18 hupigwa juu ya thamani kubwa zaidi, na miaka michache ya mwanzo ndiyo inayokula sehemu kubwa ya thamani hiyo. Hakika hiyo inamfaa anayenuia kukaa na gari miaka kumi au zaidi, anayesafiri sana, au anayeishi mbali na fundi wa kuaminika. Anayebadilisha gari kila baada ya miaka minne atakuwa amelipia ukurasa mweupe ili mwenzake aje ausome kwa nusu bei.

Huyo mwenzake ndiye mtu ambaye soko letu limemsahau. Kati ya gari jipya la dukani na lile linaloshuka melini kuna gari lililotumika hapa hapa, likauzwa na mtu anayejulikana anakoishi na fundi wake anajulikana gereji yake. Ushuru wake ulikwisha kulipwa na mwingine. Wengi hulidharau kwa sababu namba yake ni ya zamani na barabara zetu ni mbovu, na kweli shokapu na bushi zake zitahitaji fedha. Lakini hizo ni spea za bei inayojulikana, zinazopatikana Kariakoo ya Dar es Salaam au Kirinyaga Road ya Nairobi, na unaweza kuzikatia hesabu kabla ya kununua. Kisichokatiwa hesabu ni gia boksi iliyowekewa oili isiyojulikana au fremu iliyonyooshwa kimyakimya. Kwa hiyo usiingie yadini na fedha yote ikiwa imetengwa kwa bei ya gari. Bakiza sehemu ya oili zote, tairi, mipira na ukaguzi wa fundi asiyelipwa na dalali. Kisha, kabla ya kuuliza ni namba gani, omba karatasi. Muuzaji akizileta, mazungumzo ya bei yana msingi. Akianza kukusifia rangi, umeshapata jibu lako.